UFAFANUZI: PANYA, CHAKULA CHETU NA USOMAJI WA VINASABA VYA BAKTERIA

Ukurasa huu unawaletea watumishi wa Serikali na wakaazi wote maelezo kuhusu jambo linalozungumzwa sana lakini linaloeleweka kidogo, nalo ni bakteria wa chakula wanaobebwa na panya, pamoja na njia ya kuwachunguza iitwayo usomaji wa jenomu. Ifahamike tangu mwanzo kwamba maelezo haya si tangazo la mripuko wa maradhi. Yanatolewa kwa sababu maamuzi yanayomgusa mwananchi moja kwa moja, kama vile kumfungia mama lishe banda lake, kuteketeza magunia ya mchele au kutega sumu sokoni, huchukuliwa mara nyingi kwa kumwona panya tu, pasipo kujua panya huyo amebeba nini na amekipata wapi.

Mfano tutakaoutumia ni wa Mbezi Luis, katika viunga vya Dar es Salaam. Mkaazi wa visiwani anayeshuka botini Dar es Salaam na kuendelea na safari ya bara hana budi kupafahamu mahali hapo, kwani ndipo kilipo Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli, kilichozinduliwa mwezi wa Februari 2021 kuchukua nafasi ya kile cha Ubungo. Mbezi Luis ilikuwa sehemu ya Kinondoni kabla ya Manispaa ya Ubungo kuundwa. Barabara ya Morogoro inapita hapo, na kando yake wapo mama lishe, wauza matunda, maduka ya nafaka na wachuuzi wa kila namna. Na ukiingia ndani kidogo tu unakuta nyumba zenye migomba, mabonde yenye vichaka, na mabanda ya kuku wa mayai nyuma ya jiko. Mahali pa namna hiyo, panya wa porini, panya wa nyumbani, kuku na binadamu hukaa karibu sana, na vyakula vinavyopita hapo havikomei hapo. Vingine hupakiwa na kuvushwa hadi Malindi, Unguja. Ndiyo maana jambo la Mbezi Luis ni letu pia.

Kwanza tuseme neno juu ya panya wenyewe, kwani si wa aina moja. Yupo panya wa paa, mweusi au wa kahawia, mwepesi wa kupanda kuta na minazi. Huyu si mwenyeji wa pwani yetu. Alikuja kutoka Asia pamoja na vyombo vya biashara, na mifupa yake imefukuliwa katika mabaki ya mji wa kale wa Unguja Ukuu, uliokuwapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Yupo panya mkubwa wa mifereji, apendaye bandari na majitaka. Yupo panya mdogo wa nyumbani, anayeweza kupenya tundu lisilozidi upana wa kidole. Yupo panya shamba, mzaliwa wa Afrika, anayezaa kwa wingi baada ya mvua na kuingia ghalani mavuno yanapokwisha. Na yupo panya buku, ambaye wengi humwogopa kwa ukubwa wake, ingawa ndiye aliyeipatia nchi sifa: panya buku aitwaye Magawa, aliyezaliwa na kufunzwa Morogoro, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kunusa mabomu ya ardhini huko Kambodia. Kirukanjia, ambaye watu humhesabu kuwa panya, si panya hata kidogo. Ni mla wadudu, na ana msaada wake.

Panya hupata bakteria kwa njia zilezile tunazozipata sisi, yaani kwa kula na kunywa. Hupita jaani, mferejini, chooni na bandani kwa kuku, kisha hupanda rafuni jikoni. Bakteria hukaa utumboni mwake, mara nyingi bila ya kumdhuru, na hutoka kwa kinyesi. Wanaotuhusu zaidi katika chakula ni salmonela, kampilobakta na baadhi ya jamii za E. koli. Mtu anayewala hupata tumbo la kuendesha, homa na kutapika. Mtu mzima mwenye afya hupona baada ya siku chache, bali mtoto mchanga, mzee, na mwenye upungufu wa kinga anaweza kupoteza maisha.

Hapa pana kosa moja linalofaa kusahihishwa, kwa sababu linasikika hata katika ofisi. Watu husema panya huleta taifodi. Salmonela wa homa ya matumbo hukaa kwa binadamu peke yake. Hutoka kwa mtu akamfikia mtu mwingine kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Panya hahusiki. Salmonela wanaobebwa na panya, kuku, ng'ombe na mijusi ni ndugu zake, nao ni wa aina nyingi mno, zaidi ya 2,000 kwa hesabu ya wataalamu. Afisa anayeandika neno taifodi katika taarifa ya wagonjwa wa tumbo kabla ya majibu ya maabara anaipeleka idara yake kutafuta mkosaji asiyekuwapo.

Ndugu mmojawapo hubeba jina la panya waziwazi. Ni salmonela aitwaye Typhimurium, jina la Kilatini lenye maana ya taifodi ya panya, kwa sababu mtaalamu wa Kijerumani Friedrich Loeffler alimgundua mwanzoni mwa miaka ya 1890 katika panya waliokuwa wakifa maabarani. Loeffler alionelea kwamba kama bakteria huyu anaua panya, basi atumike kuwaua mashambani, na mwaka 1892 akaenda Ugiriki kufanya hivyo hasa. Baada yake wengine walitengeneza sumu za panya zenye salmonela hai na kuziuza Ulaya kwa miongo mingi. Panya waliobaki wakawa sugu, na watu wakaanza kuugua. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa shauri kwamba njia hiyo iachwe. Tumeitaja habari hii kwa sababu hata leo zipo sumu zinazouzwa mikononi mitaani katika vifuko visivyo na jina, na mnunuzi hajui kilichomo.

Sasa tuingie katika usomaji wenyewe. Zamani maabara iliyopokea kinyesi cha mgonjwa na kinyesi cha panya iliotesha bakteria katika visahani vya chakula chao, ikatazama rangi na umbo, ikapima kwa dawa maalumu, na kutoa jibu kwamba wote wawili wana salmonela. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Ni sawa na shahidi kusema kwamba mwizi alivaa shati jeupe na mtuhumiwa naye ana shati jeupe. Mashati meupe ni mengi. Kinachotakiwa ni kujua kama bakteria wa panya na bakteria wa mgonjwa ni wa ukoo mmoja wa karibu, na hilo limeandikwa katika vinasaba.

Kila bakteria ana maandishi yake ya urithi, ambayo kwa jumla huitwa jenomu. Maandishi hayo hutumia herufi nne tu, ambazo wataalamu huziita A, C, G na T, zikifuatana kwa mpangilio maalumu. Jenomu ya E. koli, iliyosomwa kikamilifu kwa mara ya kwanza mwaka 1997, ina herufi zipatazo milioni 4.6. Ya salmonela Typhimurium, iliyosomwa mwaka 2001, ina herufi zipatazo milioni 4.8. Kama ukurasa mmoja wa gazeti unachukua herufi 3,000, basi bakteria mmoja asiyeonekana kwa macho ana kitabu cha kurasa 1,600. Kila anapojigawa hukinakili kitabu chote, na mara chache hukosea herufi moja. Kosa hilo hurithiwa na watoto wake. Kwa salmonela, makosa yanayobaki ni machache tu kwa mwaka, na kwa hiyo vitabu viwili vinavyotofautiana kwa herufi mbili au tatu katika milioni 4.8 vimetoka chapa moja siku si nyingi. Vikitofautiana kwa herufi mia kadhaa, wenye vitabu hivyo wameachana miaka mingi iliyopita, hata kama walikutwa katika jiko moja. Maabara ya Uingereza, ambayo imekuwa ikisoma salmonela wote wa wagonjwa tangu katikati ya miaka ya 2010, huanza kufuatilia inapoona wagonjwa ambao bakteria wao wanatofautiana kwa herufi 5 au pungufu.

Kazi yenyewe ina hatua zake. Panya hunaswa akiwa hai kwa mtego wa kisanduku cha bati, usiku, kwa kibali na kwa ridhaa ya mwenye nyumba. Huchukuliwa kinyesi au sehemu ya utumbo na mtaalamu mwenye glavu na barakoa. Sampuli husafirishwa katika baridi, bakteria huoteshwa, koloni moja huchaguliwa, vinasaba hutolewa na kusafishwa, kisha huingizwa katika mashine. Mashine haisomi kitabu kizima kwa mfululizo. Husoma vipande vingi sana vilivyokatwakatwa, na kompyuta huviunga kwa kutazama mahali vinapopandana, mfano wa mtu anayeunganisha barua iliyochanwa. Zipo mashine kubwa za mezani, na tangu mwaka 2014 zipo pia za kushika kiganjani. Kompyuta hulinganisha jenomu zote na kuchora mti wa ukoo. Katika mti huo ndipo inapoonekana kama bakteria wa panya amekaa tawi moja na wa mgonjwa au yuko mbali.

Faida ya njia hii Afrika ilionekana dhahiri nchini Afrika Kusini. Tangu mwaka 2017 hadi katikati ya 2018 walipatikana huko wagonjwa zaidi ya 1,000 wa listeria, na zaidi ya 200 walifariki, wakiwamo watoto wachanga wengi. Wagonjwa walikuwa wametawanyika nchi nzima, na kila mmoja alikuwa amekula vyakula vingi. Usomaji wa jenomu ulionyesha kwamba wengi wao walibeba listeria wa ukoo mmoja, na ukoo huohuo ukapatikana katika kiwanda kimoja cha nyama za kusindika mjini Polokwane. Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya alilitangaza jambo hilo na bidhaa zikaondolewa madukani. Bila ya usomaji huo, wakaguzi wangeendelea kufunga vibanda vya barabarani.

Kuhusu panya na wanyama wa mjini, uchunguzi mkubwa ulio karibu nasi ni ule wa Nairobi. Katika mwaka 2015 na 2016, watafiti wa Kenya na wenzao wa Uingereza walizitembelea kaya 99 katika jiji hilo, za matajiri na za maskini, wakachukua sampuli kwa watu, kwa mifugo, na kwa wanyama wa mwituni wanaoishi karibu na nyumba, yaani panya, popo na ndege. Walitumia E. koli kama kipimo, kwa sababu hupatikana karibu katika kila utumbo. Jenomu 1,338 zilisomwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022.

Wengi walitarajia kwamba mti wa ukoo ungeonyesha bakteria wakivuka ovyo kutoka kwa panya hadi kwa mtu. Haikuwa hivyo. Kilichowapanga bakteria zaidi ya kitu kingine ni kaya na aina ya mwenyeji. Waliokaa kaya moja ndio walioelekea kushirikiana bakteria wa ukoo mmoja. Kaya na kaya zilishirikiana mara chache, na mtu na mnyama mara chache zaidi, ingawa jambo hilo lilitokea na lilithibitishwa. Uchunguzi mwingine wa kaya hizohizo, uliochapishwa mwaka 2019, ulitazama usugu dhidi ya dawa. Wanyama wa mwituni walikutwa na bakteria wasiosikia dawa muhimu za hospitali. Lakini ulipolinganishwa mzigo huo na wa watu na mifugo, ilionekana kwamba wanyama hao ni wapokeaji zaidi kuliko watoaji. Panya hanunui dawa dukani. Usugu alionao ameuokota katika mbolea ya mifugo na uchafu wa binadamu.

Kwa maoni yetu, hilo ndilo jambo ambalo afisa wa mtaa anapaswa kulifahamu kuliko mengine yote katika ukurasa huu. Panya anaonyesha yaliyomo katika uwanja alimonaswa. Akikutwa na bakteria sugu, swali la kwanza si jinsi ya kumuua bali ni uchafu wa nani alioula.

Habari ya yule Typhimurium mwenye jina la panya inalitilia nguvu jambo hilo. Kwa miaka mingi hospitali za Afrika zimekuwa zikipokea watoto wadogo wenye malaria au utapiamlo, na watu wazima wenye virusi vya UKIMWI, ambao salmonela huyo ameingia katika damu yao, si tumboni tu. Ilidhaniwa kwamba wanampata kwa wanyama, kama ilivyo Ulaya. Watafiti wa KEMRI walifuatilia nyumba za watoto waliougua, wakapima watu, wanyama na mazingira, na mwaka 2006 wakaeleza kwamba salmonela wa wanyama hawakulingana na wa watoto, ilhali miongoni mwa watu wa nyumbani walikuwapo wanaolingana. Walitumia njia ya zamani ya kulinganisha michirizi ya vinasaba. Mwaka 2009 jenomu ya bakteria aliyetoka kwa mtoto wa Malawi ilisomwa, ikalinganishwa na za wengine wa Malawi na Kenya. Ikaonekana ni ukoo wa peke yake, ambao baadhi ya kurasa za kitabu chake zimechanika na hazifanyi kazi tena, kwa namna inayofanana na ile ya salmonela wa taifodi. Bakteria anayepoteza kurasa hivyo huwa anazoea mwenyeji mmoja na kuwaacha wengine. Usomaji zaidi, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha koo mbili zilizotokea katika nusu ya pili ya karne ya 20; ule wa pili ulijipatia usugu dhidi ya kloramfeniko, dawa iliyokuwa ikitegemewa, ukauondoa wa kwanza.

Hoja hiyo haijafungwa. Majaribio ya maabarani yameonyesha kwamba ukoo huo bado unaweza kumwambukiza kuku. Lakini yatosha kutuonya kwamba jina la panya katika cheti cha maabara si hukumu juu ya panya.

Hata hivyo, asifikirie mtu kwamba panya amesafishwa. Mahali ambapo ushahidi dhidi yake ni mzito ni bandani kwa kuku. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulilinganisha mashamba ya kuku wa mayai yaliyokuwa na salmonela Enteritidis na yale yasiyokuwa naye. Katika mashamba machafu, panya wadogo walikutwa na bakteria huyo kwa wingi. Katika mashamba safi, hawakukutwa naye. Punje moja ya kinyesi cha panya ilikuwa na bakteria zaidi ya laki moja. Mfugaji anaweza kuuza kuku wote, akaosha banda, akapaka chokaa na kuleta vifaranga wapya, kumbe panya wa ukutani wamemhifadhia maradhi ya zamani na kuyarudisha katika chombo cha pumba usiku wa kwanza. Kwa mitaa kama ya Mbezi, Kimara na Goba, ambako watumishi wengi huongeza kipato kwa kuku mia mbili au mia tatu nyuma ya nyumba, hilo ni jambo la kuzingatiwa mno. Pumba zikae katika pipa la bati lenye kifuniko, si katika gunia sakafuni. Chombo cha chakula cha kuku kiinuliwe au kiondolewe jua likizama. Majani yafyekwe kuzunguka banda, kwani panya huchukia kuvuka mahali peupe. Na anayetoka bandani asiingie jikoni kwa viatu vilevile.

Aidha, dawa za kutibu maradhi ya binadamu zisichanganywe katika maji ya kuku kwa lengo la kuwakinga au kuwanenepesha. Katika wilaya ya Karatu, watafiti wa Tanzania walipima watu, panya, kuku na udongo wa nyumbani wakitafuta stafilokoka, ambaye pia huchafua chakula, na mwaka 2021 walieleza kwamba bakteria wasiosikia dawa kadhaa kwa pamoja wapo. Uchunguzi wa namna hiyo ni hatua ya kwanza: unatuambia bakteria wapo. Nani kampa nani, husemwa na jenomu.

Tuchukue sasa mfano wa kubuni. Watu kumi wanaugua tumbo Mbezi Luis baada ya kula katika kibanda kimoja karibu na kituo cha mabasi. Bwana afya anafika, anaona kinyesi cha panya nyuma ya gunia la mchele. Zamani shauri lingeishia hapo: kibanda kinafungwa, mama lishe anapoteza mtaji, na taarifa inaandikwa kwamba chanzo ni panya. Lakini akichukua sampuli za wagonjwa, za chakula kilichobaki, za maji ya pipa, za mikono ya wapishi na za panya, na jenomu zikasomwa, majibu yanaweza kuwa ya namna tatu. Pengine bakteria wa panya na wa wagonjwa ni chapa moja, na chakula kinayo pia. Hapo kibanda kina kosa, lakini bado itazamwe kama panya ndiye aliyechafua chakula au ni chakula kilichomlisha panya. Pengine wa wagonjwa ni chapa moja na wa mayai yaliyonunuliwa mahali pengine, na panya ana wake tofauti. Basi kumfungia mama lishe hakukumkinga mtu yeyote, na mayai yangali yakiuzwa mitaa mingine. Na pengine wagonjwa wenyewe hawafanani, kila mmoja ana ukoo wake, maana yake hawakuugua kwa sababu moja, isipokuwa wote walipita mahali penye maji machafu. Kipindupindu cha mwaka 2015, kilichoanzia Kinondoni mwezi wa Agosti na kuenea bara na visiwani, hakikuhitaji panya hata mmoja.

Ni wajibu pia kusema mipaka ya njia hii. Usomaji huchukua siku kadhaa, hata majuma, na mgonjwa hawezi kungoja. Jenomu hueleza udugu wa bakteria lakini si mwelekeo wa safari yao. Ili kujua nani alianza, lazima ziwepo tarehe, mahali, na maelezo ya kweli ya aliyechukua sampuli. Sampuli tano za panya hazitoshi kusema lolote juu ya mtaa mzima. Gharama nayo si ndogo, ingawa imeshuka sana ikilinganishwa na miaka ya 1990, ambapo kusoma bakteria mmoja kulikuwa kazi ya miaka na ya mataifa tajiri.

Wataalamu wapo nchini. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina historia ndefu ya uchunguzi wa panya na maradhi yao. Taasisi ya utafiti ya KCRI iliyopo Moshi husoma jenomu za bakteria. Wakala wa Maabara ya Veterinari una maabara yake Temeke, na Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii ipo Mabibo. Kwa upande wa visiwani, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ipo Chake Chake, Pemba, tangu mwaka 2000. Usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara ulihamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Zanzibar unao wakala wake wa chakula na dawa. Udhaifu mara nyingi hauko maabarani. Uko mwanzo wa safari, pale sampuli inapochukuliwa baada ya chakula kumwagwa, sufuria kuoshwa na mgonjwa kumeza vidonge.

Kwa hiyo watumishi wa afya, mifugo na biashara, watendaji wa mitaa, masheha na wakaazi wanaombwa kuzingatia yafuatayo. Watu wawili au zaidi wanapougua tumbo baada ya kula pamoja, taarifa itolewe siku ileile kwa kituo cha afya kilicho karibu, na asisubiriwe wa tatu. Chakula kilichobaki kisitupwe wala kupewa mifugo. Kifunikwe, kiwekwe mahali pa baridi, na kiandikwe tarehe, saa na mahali kilipopikwa. Mgonjwa asinywe dawa za kuua bakteria alizonunua mwenyewe kabla ya kuonwa na mganga. Anywe maji ya chumvi na sukari kwa vipimo vinavyotolewa kituoni. Mwenye banda la chakula asiadhibiwe kwa kutoa taarifa mapema, na afisa amweleze hivyo kabla ya kumhoji.

Sumu ya panya inunuliwe katika duka linalotambuliwa, ikiwa na jina na maelekezo, na isitegwe karibu na chakula wala mahali mtoto anapofika. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu na asitupwe mtaroni. Achukuliwe kwa mfuko wa plastiki uliogeuzwa juu ya mkono, afungwe, afukiwe. Kinyesi cha panya kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kilowekwe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini kwa muda wa dakika tano, kifutwe kwa kitambaa kitakachochomwa, na mikono ioshwe kwa sabuni. Panya wanaoonekana wakifa wengi kwa pamoja bila ya kutegwa sumu wasiguswe kabisa. Taarifa ipelekwe mara moja kwa bwana afya au kwa sheha, kwa kuwa hiyo yaweza kuwa dalili ya tauni, na hatua zake ni nyingine.